Ufa na Ukuta: Historia ya Mafundi wa Nyumbani na Mashine za Michezo

Mashine ya michezo ya video ni chombo kilichozaliwa mikononi mwa mafundi redio. Ni vyema jambo hili likatangulizwa mbele ya mengine yote, kwani muda si mrefu tangu kuzaliwa kwake chombo hicho kilizungushiwa skrubu zisizofunguka kwa bisibisi ya kawaida, vibandiko vya onyo, chipu za kufuli na hatimaye vifungu vya sheria, ili watu wa aina ile ile waliokizaa wasipate kukifungua. Historia ya kutengeneza mashine hizi majumbani, basi, si habari ya watoto na michezo yao peke yake. Ndani yake mna swali la kale: mtu akishalipa thamani ya kitu na kukichukua kwake, je, kitu hicho kimekuwa chake, au amekodishiwa tu pasi na kuambiwa?

Mwana wa redio

Ralph Baer alizaliwa Ujerumani mwaka 1922, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1938, dhuluma za utawala wa Hitler zilipozidi, familia hiyo ilihamia New York. Huko kijana Baer aliajiriwa kiwandani kwa ujira mdogo, akaliona tangazo la masomo ya ufundi redio yaliyotolewa kwa njia ya posta, akajiandikisha, na mwaka 1940 akahitimu. Kabla ya kuchukuliwa jeshini mwaka 1943 aliishi kwa kutengeneza redio za watu katika maduka madogo madogo ya mji ule. Elimu yake ya awali ilikuwa ni elimu ya kufungua kifuniko: kuangalia ndani, kuifuata njia ya umeme hatua kwa hatua, kukitafuta kiungo kilichokufa na kukibadilisha. Msomaji wa pwani anaifahamu kazi hii, kwani ni nadra kuukuta mji wa mwambao usiokuwa na fundi redio wake, aliyekaa nyuma ya meza iliyojaa nyaya na vipuri vya redio za jirani zake.

Mwaka 1966, akiwa mhandisi wa kampuni ya Sanders Associates katika jimbo la New Hampshire, Baer aliandika kurasa nne za mapendekezo. Televisheni, ambazo wakati ule zilikwisha kuenea katika nyumba za Marekani, alitaka ziache kuwa za kutazamwa tu, na mwenye nyumba apate kuzichezea. Pamoja na wenzake Bill Harrison na Bill Rusch alijaribu mashine moja baada ya nyingine, hadi wakapata sanduku la rangi ya mbao ambalo lilikuja kuitwa Brown Box. Kutokana na sanduku hilo kampuni ya Magnavox ilitoa mwaka 1972 mashine ya Odyssey, mashine ya kwanza ya michezo ya video kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani. Ndani yake hamkuwa na kompyuta. Mlikuwa na transista na dayodi, vitu ambavyo fundi redio wa zama hizo aliweza kuvipima kwa mita na kuvibadilisha kwa chuma cha kulehemu. Chombo kilifanana na mwenye kukibuni.

Wa pili katika nasaba hii ni Jerry Lawson, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1940 na kukulia Queens, mjini New York. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu alikwisha kupata leseni ya redio ya mawasiliano na kujijengea kituo nyumbani kwao, na katika ujana wake alijipatia fedha kwa kuzunguka majumbani mwa watu akiwatengenezea televisheni zao. Mwaka 1976 kampuni ya Fairchild ilitoa mashine iliyoitwa Channel F, ya kwanza ya nyumbani iliyobadilishiwa mchezo kwa kubadilisha kaseti yenye programu ndani yake. Lawson ndiye aliyeiongoza kazi hiyo. Wazo la awali lilitoka kwa wahandisi wa kampuni ndogo ya Alpex, Wallace Kirschner na Lawrence Haskel. Mtihani uliomkabili Lawson na wenzake ulikuwa ni kulifanya wazo hilo livumilie mikono ya watoto: kaseti iingizwe na kutolewa mara nyingi mno bila ya viunganishi vyake kulegea, wala umeme tuli wa vidole kuiunguza chipu.

Ikumbukwe kwamba kabla ya hapo hapakuwa na kifaa cha nyumbani chenye kompyuta ambacho mtoto aliruhusiwa kukichomeka na kukichomoa atakavyo. Mtu aliyekwisha kuingia nyumba za watu na kuona namna wanavyozitumia televisheni zao alijua kwamba kitu hufia pale kinapoguswa zaidi. Na kwa hakika palepale, katika mlango wa kaseti, ndipo ulipokuja kutokea ugonjwa maarufu kuliko yote katika historia ya mashine hizi.

Kaseti na pumzi

Tarehe 15 Julai 1983 kampuni ya Nintendo ilitoa nchini Japani mashine ya Famicom. Wakati huohuo biashara ya michezo ya video ilikuwa imeporomoka Marekani, na wenye maduka hawakutaka hata kuisikia. Kwa hiyo, mashine hiyo ilipoingizwa New York mwaka 1985 kwa jina la Nintendo Entertainment System, ilivalishwa umbo la deki ya video ili isionekane kuwa ni ileile bidhaa iliyowatia hasara. Badala ya kaseti kuchomekwa kwa juu, iliingizwa kwa mbele, kisha ikashindiliwa chini kama mkanda wa video.

Umbo hilo lilipendeza dukani, lakini nyumbani lilizaa maradhi. Ndani ya mashine mlikuwa na soketi ya pini 72, na kila kaseti iliposhindiliwa, pini hizo zilipinda kidogo. Baada ya miaka michache zililegea, vumbi likajikusanya, na kugusana kwa shaba na shaba kukawa kwa kubahatisha. Juu ya hayo mlikuwa na kufuli. Chipu moja iliyowekwa katika mashine ilizungumza muda wote na chipu mwenzake iliyomo katika kaseti, ili kuzuia kaseti zisizoidhinishwa na kampuni. Mazungumzo hayo yakikatika, mashine ilijizima na kujiwasha tena upya, takriban mara moja kila sekunde. Ndiyo maana taa nyekundu ya mashine hiyo ilipepesa, na kioo cha televisheni kikapepesa pamoja nayo. Kwa maneno mengine, nusu ya ugonjwa ilitokana na uchafu na nusu ya pili ilitokana na kufuli, kwani mgusano hafifu ambao pengine ungetosha kuuendesha mchezo haukutosha kuiridhisha chipu.

Watoto wa dunia nzima, bila ya kuambiana, waliibuni dawa ileile: kuipulizia kaseti kwa kinywa. Kampuni ilionya dhidi ya jambo hilo, na onyo lake lilikuwa na haki, kwa sababu pumzi ina unyevu na unyevu huleta kutu. Kilichosaidia aghalabu ni kule kuitoa kaseti na kuirudisha, ambako kulizipa pini nafasi ya kugusana upya. Penye upepo wa bahari, ambako hewa yenyewe imebeba chumvi, madhara ya unyevu huja upesi zaidi. Na dawa yake inayojulikana na kila fundi ni kipande cha pamba na spiriti.

Waliokuwa na subira kuliko pumzi walifungua mashine. Waligundua kwamba soketi inaweza kutolewa na kutiwa nyingine, au kusafishwa na pini zake kuinuliwa moja moja kwa sindano. Wakagundua pia kwamba mguu wa nne wa chipu ya kufuli ukikatwa, mashine huacha kupepesa. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mwaka 1993, Nintendo ilipotoa toleo jipya la mashine hiyo, kaseti iliingizwa tena kwa juu na chipu ya kufuli haikuwamo kabisa. Kiwanda kilikuwa kimefika palepale walipofika mafundi wa nyumbani.

Hata hivyo mlango mwingine ulikwisha kufungwa. Kaseti na mashine zilizofuata zilikazwa kwa skrubu za umbo la pekee, za milimita 3.8 na 4.5, ambazo bisibisi yake haikuwa ikiuzwa katika maduka ya kawaida. Mafundi walijibu kwa njia rahisi: waliuyeyusha mwisho wa ganda la kalamu ya plastiki kwa moto, wakaushindilia juu ya skrubu, wakauacha upoe, na kalamu ikageuka kuwa ufunguo. Haja ya ufunguo huo haikuwa ndogo. Mchezo wa The Legend of Zelda, uliotoka Marekani mwaka 1987, ulikuwa na betri ndogo iliyolehemewa ndani ya kaseti ili kuihifadhi safari ya mchezaji. Betri hufa. Aliyetaka kaseti yake iendelee kukumbuka hakuwa na budi kuifungua, kuiyeyusha lehemu ya zamani na kutia betri mpya.

Mashine za diski zilikuja na maradhi yake. PlayStation ya Sony, iliyotoka Japani tarehe 3 Disemba 1994, katika matoleo yake ya mwanzo ilikuwa na jicho la leza lililoteleza juu ya reli ya plastiki, karibu na sehemu ya umeme yenye joto. Plastiki ilipolika, jicho lilishuka na picha zikaanza kukwama. Wenye mashine waliipindua juu chini, nayo ikasoma tena. Wengi walidhani ni miujiza, kumbe ni uzito tu uliokuwa ukilirudisha jicho mahali pake.

Ufa

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni nadra methali kutimia kama ilivyotimia hii katika habari ya Xbox 360. Mashine hiyo ya Microsoft ilitoka tarehe 22 Novemba 2005. Baada ya muda si mrefu wanunuzi wengi walianza kuona duara la taa usoni mwa mashine likiwaka nyekundu katika robo zake tatu, na mashine isifanye kazi tena. Tarehe 5 Julai 2007 kampuni ilitangaza kwamba mashine zote zenye hitilafu hiyo zitatengenezwa bure kwa muda wa miaka mitatu tangu siku ya kununuliwa, na kwamba ilitenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa kazi hiyo.

Sababu ilikuwa nini? Katika miaka hiyo viwanda vilikuwa vikiacha kutia risasi katika lehemu, kwa kuwa risasi ni sumu. Umoja wa Ulaya uliizuia kuanzia tarehe 1 Julai 2006. Lehemu ya zamani ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi na ni laini. Lehemu mpya ya bati, fedha na shaba huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi na ni ngumu zaidi. Mafundi wa nyumbani walipoiona mashine inayopata joto kali, chipu kubwa ya picha na kipoza joto kilichobanwa kwa nguvu nyuma ya bodi, walihitimisha kwamba bodi hupinda na lehemu iliyo chini ya chipu hupasuka.

Dawa walizobuni zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ni kuivingirisha mashine katika taulo na kuiacha ikiwaka kwa dakika ishirini hivi, ili joto lake lenyewe liziunganishe nyufa. Ilikuwa dawa ya hatari, yenye kuweza kuunguza nyumba, na mashine iliyofufuka kwa njia hiyo ilikufa tena baada ya siku au wiki chache. Ya pili ilikuwa ya kiungwana zaidi: kukitoa kibano cha asili, kukikaza kipoza joto kwa skrubu na wosha, na kupaka upya dawa ya kupitishia joto kati ya chipu na chuma.

Mwaka 2021 Microsoft ilitoa filamu ya historia ya Xbox, na humo wahandisi wake walieleza walichokigundua. Nyufa hazikuwa baina ya chipu na bodi, mahali walipopashuku mafundi. Zilikuwa ndani ya chipu yenyewe, katika viunganishi vidogo mno vinavyokishikilia kipande cha silikoni. Kila mashine ilipowashwa, joto lilipanda, ilipozimwa, lilishuka, na metali ile, kwa kutanuka na kusinyaa mara kwa mara, ilichoka na kukatika. Ufa huo hauonekani kwa jicho wala kwa kioo cha kukuzia cha fundi.

Hapa pana funzo la kutafakariwa. Mafundi wa nyumbani walikosea kuutambua ugonjwa, na wengi waliharibu mashine ambazo kampuni ilikuwa tayari kuzitengeneza bure. Lakini walikosea kwa sababu walikuwa wakiotea gizani. Hapakuwa na mchoro wa saketi uliotolewa kwa umma, wala maelezo ya alama za hitilafu, wala chipu mpya ya kununua. Baer alijifunza ufundi wake kutokana na masomo na michoro iliyochapishwa kwa ajili ya yeyote aliyelipa ada. Warithi wake, miaka sitini na zaidi baadaye, waliachiwa taulo.

Ukuta

Ukuta uliojengwa baada ya hapo ni wa karatasi, nao ni mrefu kuliko ule wa skrubu. Matofali yake ya kwanza yalikuwa ni vile vibandiko vilivyosema kwamba kikichanika, dhamana imekwisha. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss inakataza mtoa dhamana kuifungamanisha dhamana yake na vipuri au mafundi wa jina fulani, isipokuwa kwa masharti maalumu. Hata hivyo vibandiko hivyo viliendelea kwa miongo mingi. Mwezi wa Aprili 2018 Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani iliziandikia kampuni sita barua za onyo kuhusu maneno ya namna hiyo, na miongoni mwa sita hizo zilikuwamo Sony, Microsoft na Nintendo, wakuu watatu wa mashine za michezo.

Tofali la pili ni zito zaidi. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998, ijulikanayo kwa herufi DMCA, inakataza kuvunja kufuli la kidijitali linalolinda kazi yenye hakimiliki. Ilikusudiwa kuwazuia wezi wa nakala, lakini iliwanasa na mafundi. Katika mashine kadhaa za diski, sehemu ya kusomea diski imefungishwa ndoa na bodi kuu kwa namba ya siri. Sehemu hiyo ikifa na kutiwa nyingine iliyo nzima, mashine haiitambui. Kuzifungisha ndoa upya kulihitaji kulivuka kufuli, na kulivuka kufuli kulikuwa ni kosa. Ilipofika Oktoba 2021 ndipo Mkutubi wa Bunge la Marekani, mwenye mamlaka ya kutoa ruhusa za pekee chini ya sheria hiyo, alipowaruhusu watu kulivuka kufuli kwa ajili ya kutengeneza sehemu ya kusomea diski, kwa sharti kwamba kufuli lirudishwe kazi ikiisha. Ruhusa hiyo haikuhusu kuuza wala kugawa zana za kazi hiyo. Ni sawa na mtu kuruhusiwa kuvua samaki huku akikatazwa kununua nyavu.

Haki inataka kampuni nazo zisikilizwe. Hofu yao ya wizi wa nakala haikuwa ya kubuni. Tangu zama za PlayStation ya kwanza palikuwa na chipu ndogo za kulehemewa ndani ya mashine zilizoifanya ikubali diski zilizonakiliwa, na bisibisi ileile iliyomtumikia fundi mwaminifu ilimtumikia na mwizi. Lakini chipu hizo zilikuwa na matumizi ya halali pia, kama vile kucheza diski iliyonunuliwa kwa haki katika nchi nyingine. Shauri la Stevens dhidi ya Sony nchini Australia lilipita ngazi tatu za mahakama, na kila ngazi ikaipindua hukumu ya ile iliyotangulia, hadi mwaka 2005 mahakama ya mwisho ya nchi ilipoamua kwamba chipu hizo hazikuwa zikivunja ulinzi wa namna iliyokusudiwa na sheria ya wakati ule. Kampuni zinataja pia hatari ya umeme, na kweli, kapasita za sehemu ya umeme huweza kuhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Ila hatari hiyo imo katika televisheni na jiko la umeme vilevile, na dawa yake kwa mafundi wote imekuwa ni elimu.

Katika miaka ya karibuni majimbo ya Marekani yalianza kutunga sheria za haki ya kutengeneza, zinazowalazimisha wenye viwanda kutoa vipuri na maelezo kwa wenye mali. Minnesota na California zilipitisha zao mwaka 2023, na Oregon mwaka 2024. Mwenye kuzisoma atakuta simu zimo na kompyuta zimo. Mashine za michezo ya video, katika sheria zote tatu, zimetolewa kwa jina.

Wakati huohuo maradhi hayakusubiri sheria. Mashine ya Switch ya Nintendo, iliyotoka mwaka 2017, ilikuja na vidhibiti vidogo viitwavyo Joy-Con, ambavyo vijiti vyake baada ya muda vilianza kusogea peke yake bila ya kuguswa. Ndani ya kijiti mna utando wa kaboni unaosuguliwa kila kijiti kinaposukumwa, nao hulika. Mashtaka yalifunguliwa Marekani mwaka 2019, na mwaka 2020 rais wa kampuni, Shuntaro Furukawa, aliwaomba radhi wateja. Majumbani watu walikwisha kununua bisibisi ya pembe tatu na vijiti vipya, wakavibadilisha mezani. Baadaye vilipatikana vijiti vinavyotumia sumaku badala ya utando wa kaboni, ambavyo havina sehemu ya kusuguana, na wengi wakatia hivyo.

Kilichobaki kwa mafundi

Tarehe 31 Oktoba 2007 Nintendo iliacha kupokea Famicom kwa matengenezo nchini Japani, kwa kuwa vipuri vilikuwa vimekwisha. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na minne baada ya kuzaliwa kwake, mashine hiyo haikuwa na tabibu mwingine isipokuwa wapenzi wake. Kila Famicom inayowaka leo inawaka kwa sababu mtu fulani ameisafisha au amebadilisha kapasita zake.

Jambo hili halipaswi kuwa geni kwa wapenzi wa ushairi wa Kiswahili. Tenzi za kale za Pate na Lamu hazikufika mikononi mwa wasomaji wa leo kwa kuwekwa mahali pamoja na kulindwa zisiguswe. Zilifika kwa sababu zilinakiliwa, karatasi ya zamani ilipoanza kuliwa na mchwa, na wanakili kama Muhamadi Kijuma wa Lamu walizipa miili mipya. Kazi ya sanaa iliyomo katika chombo huishi kadiri chombo kinavyotengenezeka. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotoka nchini humo kabla ya mwaka 2010 haiuzwi tena kwa njia ya kawaida. Michezo hiyo imebaki katika kaseti na diski, na kaseti na diski zinazihitaji mashine zake.

Mafundi hawakuingojea serikali katika hilo pia. Mwaka 2003 wanafunzi wawili wa California, Kyle Wiens na Luke Soules, walishindwa kupata maelezo ya kutengenezea kompyuta yao, wakaanzisha iFixit, ambayo huchapisha maelezo hayo bure kwenye intaneti, yakiwamo ya mashine za michezo. Mwaka 2009 mwandishi wa habari Martine Postma aliandaa mjini Amsterdam mkutano wa kwanza wa Repair Café, ambapo wenye vitu vibovu na wenye ufundi hukutana meza moja. Elimu ambayo Baer aliipata kwa posta ilianza kurudi kwa njia nyingine.

Kwa mwambao wa Afrika Mashariki habari hii ina uzito wake. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya umeme wa Japani wa volti 100, au wa Marekani wa volti 120, ikichomekwa bila ya transfoma katika umeme wa volti 230 au 240, huungua mara moja. Vituo vya matengenezo vya kampuni viko mbali, na gharama ya kuipeleka mashine na kuirudisha hukaribia thamani ya mashine yenyewe. Kwa hiyo penye mwambao huu fundi wa mtaani ndiye kituo cha matengenezo, na kila mchoro unaofichwa Kyoto au Redmond ni mchoro unaokosekana mezani kwake.

Mashine za sasa zinaufanya ukuta kuwa mrefu zaidi. PlayStation 5 ya umbo jembamba, iliyotoka mwaka 2023, ina sehemu ya diski inayoweza kutolewa na kurudishwa kwa mkono, jambo ambalo fundi yeyote angelifurahia. Lakini sehemu mpya haikubaliki mpaka mashine iulize kwanza makao makuu kwa njia ya intaneti. Siku makao makuu yatakapoacha kujibu, bisibisi haitatosha. Famicom ya mwaka 1983 inaweza kufufuliwa leo na mtu mwenye chuma cha kulehemu, pamba na subira, kwa sababu yote yanayohitajika yamo ndani ya sanduku lake. Mashine za leo zikifika umri huo zitakuwa na nyufa zao, kama kila chombo. Na kama zitapona au hazitapona kutategemea kama kuna mtu aliyeachiwa kujifunza namna ya kuzifungua.